Deki ya mbao hapa Lamu: angalia upepo kwanza, nyundo baadaye

Kila mwaka ni hivohivo. Wageni wakishaondoka mwisho wa mwezi wa nne nyumba za Shela zinafungwa, wenyewe wanatuma pesa na meseji, haya sasa rekebisha deki, ile sakafu ya mbao ya nje, manake hakuna wa kusumbuliwa na kelele. Fundi naye hakatai, njaa ya masika anaijua. Shida ni kwamba Mei ndo mwezi wa mvua nyingi zaidi pwani yetu hii, mbao imelowa hadi moyoni alafu wewe wataka kuikata, kuipigilia na kuipaka. Wageni kuondoka ni jambo moja na mbao kukauka ni jambo lingine kabisa.

Mimi mwenyewe nshaingia mtego huo. Tulipata siku tatu za jua mwezi wa sita tukadhani masika yamekwisha, nikapaka vanishi deki nzima ikang'aa kama meza ya harusi, kufika Agosti ikaanza kubambuka magamba magamba. Mzee mmoja seremala akapita akatazama akacheka, akanambia mwanangu, mbao bado yanywa maji wewe waifunga mdomo. Ndo basi, tukakwangua yote upya.

Kwa hivyo masika ufanye nini? Uangalie tu, na hapo pana kazi kubwa kuliko watu wanavodhani. Mvua ikinyesha toka na mwavuli utazame maji yanatuama wapi, ukisubiri jua hutajua tena. Ingia chini ya deki kama pana nafasi na bisibisi mkononi, choma choma boriti za chini, hasa pale ubao unapokutana na boriti, kwenye matundu ya misumari, na mguu wa ngazi unaogusa mchanga. Bisibisi ikigoma mbao ni nzima, ikizama kama kwenye ndizi mbivu hapo pameoza hata kama juu panaonekana pazuri. Toa vyungu vya maua na mikeka iliyokaa mwaka mzima mahali pamoja, chini yake ndo kuoza kunapoanzia. Angalia pia vile vijinjia vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo, huyo ni mchwa na anatoka ardhini, ndo maana nguzo ya deki haizikwi kwenye mchanga, inakaa juu ya jiwe au kipande cha zege ili uweze kumuona akipanda. Weka alama kwa chaki au piga picha kwa simu.

Na kitu kimoja, mbao kuwa kijivu sio kuoza. Jua ndo linachubua rangi ya juu, ndani inaweza kuwa ngumu kama chuma. Mi nnaipenda hio rangi kwa kweli, inaendana na mawe ya mji, lakini mwenye nyumba akitaka rangi ya asali ni haki yake, pesa ni zake.

Wakati huohuo agiza mbao. Zikitoka bara zinashushwa Mokowe, zinapanda boti, alafu punda au mkokoteni, kwa hivyo usitarajie kuagiza Jumatatu upigilie Jumatano. Nguvu ya deki ni mbambakofi au mvule, saipresi ni rahisi lakini bila dawa haikai sana nje. Zikifika zisilale chini kwenye sakafu, zipange kivulini zimeachana kwa vijiti katikati upepo upite, na ziache hapo. Mbao ya kununua leo na kupigilia kesho itajikunja tu, hata fundi awe hodari vipi.

Kazi yenyewe ya seremala mi nnaipeleka mwezi wa tisa. Julai bado manyunyu, Agosti wageni wamerudi kidogo na kusi yapuliza mchanga mpaka kwenye chai, lakini ikifika Septemba pamekauka, deki imepata wiki kadhaa bila mvua ya maana, na mafundi hawajashikwa na zile kazi za haraka haraka za kabla ya Disemba. Hapo badilisha mbao zilizooza. Ukishafungua ubao wa zamani usikimbilie kuweka mpya, kwanza pitisha juu ya boriti ukanda wa ile dipisi nyeusi wanayoweka mafundi juu ya msingi wa nyumba, maji yasikae kati ya mbao mbili. Kila kichwa cha ubao ulichokata kipake mafuta ya mbao mpaka kikatae, manake vichwa vinanyonya maji kuliko upande mwingine wowote.

Nafasi kati ya mbao na mbao ndo penye ubishi. Mbao kavu iache kama milimita 5 au 6, msumari wa inchi 6 ukiulaza katikati unakaribia hapo, kwa sababu masika yakija itavimba na ikikosa nafasi itasukumana mpaka inyanyuke. Lakini kama umelazimika kutumia mbao mbichi punguza hio nafasi, hio yenyewe itanywea na ukiacha kubwa mwisho kisigino cha kiatu cha mtu kitaingia.

Skrubu usibane pesa hapo. Ya kawaida hapa baharini inashika kutu haraka, na kutu ikikutana na mbao ngumu inaacha madoa meusi yasiyotoka. Chukua stenlesi, na ukiweza ile ya namba 316 ambayo ndo ya baharini, ya 304 ni nzuri lakini baada ya muda chumvi inaitia vidoa vya kahawia. Mbambakofi tangulia na keekee kwanza kila tundu, usipofanya hivo ama ubao unapasuka ama skrubu inakatika kichwa, na kuitoa hapo utatukana. Kwa sababu hiohio usisugue deki kwa brashi ya waya, vipande vyake vinabaki ndani ya mbao vinaota kutu.

Vuli, Oktoba hadi Novemba, usianzishe kitu. Kaza skrubu zilizolegea, funika mbao zilizobaki.

Mafuta sasa, hii ni kazi ya kaskazi. Januari na Februari ndo kukavu zaidi, na deki ikipata mafuta hapo inaingia masika imeshiba. Kujua kama inahitaji, mwaga matone ya maji, yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba subiri, yakizama ndani ya dakika chache imekauka. Ioshe kwa sabuni na brashi ngumu ya nyuzi na maji matamu, maji ya kisima chenye chumvi hayasaidii kitu manake chumvi ikibaki inavuta unyevu hata siku kavu. Iache ikauke siku mbili tatu. Piga msasa namba 80 basi, ukiilainisha sana mafuta hayaingii. Paka asubuhi umande ukishakauka, saa 2 hadi saa 4 hivi, mbao ikishachemka jua mafuta yanakauka juu kabla hayajazama. Koti la kwanza lizimue kidogo na tapentaini, ngoja kama robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu, ukiyaacha yanakua gundi na mchanga wote wa Shela utahamia hapo. Miezi hio deki ina wageni, najua, kwa hivyo fanya nusu nusu, nusu wanakaa nusu inakauka. Na angalia Ramadhani imeangukia wapi, kila mwaka inasogea nyuma siku kama 11, fundi aliyefunga humwambii akae juani mpaka alasiri.

Mimi sipaki tena vanishi nje. Jua likiipasua maji yanaingia chini yake hayatoki, mafuta yakichakaa unaosha unapaka juu yake, hukwangui.

Na vile vitambaa ulivyofutia mafuta, hasa ya kitani, usivikunje ukavitupa kwenye ndoo au kona ya stoo. Vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto, bila kiberiti, bila mtu. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke au vitie kwenye maji. Na haya mapaa yetu ya makuti yalivyokaribiana, wewe fikiria mwenyewe.