Jinsi ya kutengeneza kisafishaji laini cha ngozi na nywele kwa desili glukosidi

Desili glukosidi ni malighafi ya povu inayosifiwa kwa upole wake, na sifa hiyo inaistahili. Hata hivyo, kimiminika kinachouzwa kwenye dumu huwa na pH (kipimo cha uasidi au ualikali) ya kati ya 11.5 na 12.5, kiwango cha alikali kinachoweza kuunguza jicho. Upole anaoupata mtumiaji wa mwisho ni kazi ya mtengenezaji aliyeishusha pH hiyo, akachagua kihifadhi (kizuizi cha vijidudu) kinachofanya kazi katika kiwango kipya, na kuipa desili glukosidi mwenzake anayefaa. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa gramu 200, kiasi kinachotosha kujifunzia bila kupoteza malighafi nyingi.

Kwanza ni vyema kuelewa unachokishika. Molekuli ya desili glukosidi ina kichwa cha glukosi kinachopenda maji na mkia wa alkoholi ya mafuta, ambao kwa kawaida hutokana na nazi au mbegu za mawese. Njia ya kuunganisha sukari na alkoholi kwa msaada wa asidi ilielezwa na mkemia Mjerumani Emil Fischer mwaka 1893, ingawa ilichukua karibu karne nzima kabla ya viwanda kuitumia kwa wingi kwa ajili ya vipodozi. Kichwa hicho hakina chaji ya umeme, na hapo ndipo penye siri: malighafi za salfeti, yaani zile za povu zilizozoeleka kwenye shampuu nyingi, zina chaji hasi, hujishikiza kwenye protini za ngozi na kuzivuruga, ilhali glukosidi hushikamana nazo kwa kiasi kidogo tu na huondoka kwa urahisi ngozi inaposuuzwa.

Andaa mizani inayosoma hadi gramu 0.1, vyombo vitatu vilivyopanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, karatasi za kupimia pH zenye hatua ndogo kati ya 4 na 7, glavu na miwani ya kinga. Pima kila kitu kwa uzito, hata vimiminika, kwa sababu malighafi hizi ni nzito kuliko maji na kipimo cha ujazo kitakudanganya. Mahitaji ni desili glukosidi gramu 32, kokamidopropili betaini (malighafi ya povu iliyo mwenzake) gramu 24, gliserini gramu 6, gamu ya zanthani (unga unaofanya maji yawe mazito) gramu 2, vihifadhi viwili, yaani sodiamu benzoati gramu 1 na potasiamu sorbati gramu 0.6, asidi ya sitriki, na maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana madini na vijidudu ambavyo havina nafasi katika kazi hii.

Kabla ya kuchanganya, fanya hesabu ya kiini tendaji, yaani sehemu inayosafisha hasa, kwa kuwa malighafi hizi huuzwa zikiwa zimeshatiwa maji. Desili glukosidi yenye kiini cha asilimia 50 itatoa gramu 16, na betaini yenye asilimia 30 itatoa gramu 7.2, jumla ni gramu 23.2 katika gramu 200, sawa na asilimia 11.6, kiwango kinachofaa nywele na mwili. Kwa uso pekee ningeteremka hadi asilimia 8, kwa kutumia gramu 22 za desili glukosidi na gramu 16.5 za betaini, kisha kuongeza maji kufidia pengo. Soma cheti cha malighafi yako, kwa maana asilimia hizi hutofautiana kati ya wauzaji.

Hatua ya kwanza ni kuufanya mchanganyiko uwe mzito, usitiririke kama maji, na hapa wengi waliozoea malighafi za salfeti hukwama. Salfeti ikitiwa chumvi huwa nzito mara moja. Desili glukosidi haiitikii chumvi, na kadiri unavyoiongeza ndivyo unavyoharibu bidhaa bila kupata chochote. Tumia gamu ya zanthani. Ikitupwa moja kwa moja kwenye maji hufanya mabonge yenye unga mkavu ndani, kwa hiyo ikoroge kwanza ndani ya gliserini mpaka ipatikane rojo laini, ndipo umimine juu yake gramu 100 za maji huku ukikoroga bila kusita. Iache kwa dakika 20 hadi 30. Gamu iliyokwisha kunywa maji vizuri huteleza kutoka kwenye mwiko kwa utepe mmoja usio na chembe. Ukiona vijipunje kama mayai ya samaki, subiri na ukoroge tena kabla ya kusonga mbele.

Hatua ya pili ni kuyeyusha sodiamu benzoati na potasiamu sorbati katika gramu 15 za maji, kisha kuzimimina kwenye rojo la gamu. Mpangilio huu una sababu itakayoonekana kwenye hatua ya asidi.

Hatua ya tatu, ongeza betaini, kisha desili glukosidi, ukikoroga polepole na mwiko ukiwa umezama. Betaini huongeza wingi wa povu na kulifanya liwe zito zaidi, kwani povu la glukosidi peke yake huja haraka likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Ukikoroga kwa pupa utaingiza hewa, na gamu itaishikilia kwa saa nyingi.

Hatua ya nne ndiyo moyo wa kazi. Yeyusha gramu 5 za asidi ya sitriki katika gramu 15 za maji. Chukua gramu 1 ya mchanganyiko wako, iongezee gramu 9 za maji yaliyokenekwa, na upime pH ya myeyusho huo, kwa maana kimiminika kizito hakiloweshi karatasi vizuri. Kisha tia asidi tone kwa tone, koroga, na upime tena mara kwa mara, ukilenga kati ya 4.8 na 5. Usivuke 5: benzoati na sorbati hulinda bidhaa zikiwa katika umbo la asidi, na umbo hilo hupungua kwa kasi pH inapopanda. Kinyume chake, asidi nyingi ikimwagwa mahali pamoja hugeuza benzoati kuwa fuwele nyeupe za asidi ya benzoiki, ambazo huelea kama vumbi la chokaa na huchelewa sana kuyeyuka tena. Ndiyo maana kihifadhi hutangulia na asidi hufuata taratibu.

pH ikishatulia, jazia maji hadi gramu 200, acha usiku kucha hewa itoke, na upime pH mara ya mwisho kabla ya kutia kwenye chupa. Ukikuta imepanda, ongeza tone la asidi.

Wanaotaka nywele zichanike kwa urahisi hushawishika kuongeza polima (kemikali ya molekuli ndefu) yenye chaji chanya, kama vile polikwatenamu-10. Usiitie hapa: gamu ya zanthani ina chaji hasi, na viwili hivyo vikikutana hufanya nyuzi na madonge. Badilisha kwanza gamu hiyo kwa hidroksiethili selulosi, au utumie kondishona baada ya kuosha, jambo ambalo kwangu ni rahisi zaidi.

Upole hauzuii mzio. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha wataalamu wa uvimbe wa ngozi unaotokana na mguso kiliziteua glukosidi za aina hii kuwa kizio (kisababishi cha mzio) cha mwaka, na betaini iliwahi kupewa nafasi hiyohiyo mwaka 2004. Jaribu bidhaa kwenye sehemu ndogo ya ndani ya mkono kwa siku kadhaa mfululizo, ukisuuza kila mara, kwa sababu mzio wa mguso huweza kujitokeza siku mbili au tatu baadaye. Andika tarehe na pH kwenye chupa, na ukiona rangi, harufu au uzito umebadilika, imwage yote.