Jinsi ya kutoka kwa mkataba wa sola ya lipa mdogo mdogo bila kuachwa na deni

Watu wengi hapa Kenya wakichoka na sola ya mkopo wanafanya kitu kimoja tu, wanaacha kulipa. Taa zinazima, boksi la betri linalia pii pii siku mbili tatu halafu linanyamaza, mtu anasema basi imeisha, wakitaka wakuje wachukue takataka yao. Haijaisha. Kulokiwa, yaani kampuni kukuzimia boksi kutoka mbali, ni kitu kimoja na kutoka kwa mkataba ni kitu kingine kabisa, ju boksi likizima wewe unadhani mmeachana kumbe kwa kompyuta yao wewe bado ni kastoma, ni vile tu umekuwa kastoma mbaya, na jina lako liko njiani kuelekea CRB, zile kampuni zinaweka rekodi ya nani analipa mikopo na nani halipi.

Kwa hivyo kama unataka kutoka, toka kwa mlango, usitoke kwa kunyamaza.

Kwanza tafuta mkataba. Najua utasema hukupewa. Ulipewa, ni vile haukuwa karatasi. Kutoka M-KOPA waanze kuuza sola hivi mwaka 2012, halafu wakaja kina Sun King na d.light na wengine, mambo yanaenda karibu sawa: ajenti anakuja, anapiga picha kitambulisho, unatoa dipositi, unasaini na kidole kwa simu yake, unapata SMS yenye linki, halafu kila siku unatuma pesa kidogo kwa Paybill, ile namba rasmi ya M-Pesa ya kampuni, na boksi linafunguka. Ile linki ndio mkataba. Kama umeifuta, piga kastoma kea uwaambie wakutumie nakala pamoja na stetimenti ya malipo yote, na usikubali kusomewa kwa simu, mwambie atume. Ukiipata usisome yote kama hutaki, lakini tafuta haya: bei yote ukimaliza ni ngapi, dipositi inarudishwa ama hairudishwi, ukikaa siku ngapi bila kulipa wanahesabu umeshindwa, kuna punguzo ukimaliza mapema, na ni vitu gani vimewekwa dhamana. Hio ya mwisho ni muhimu kushinda vile inakaa. Kuna watu walimaliza sola yao kitambo, wakapigiwa simu wakaambiwa wewe ni kastoma mzuri chukua simu, chukua jiko, chukua pesa ya skuli fis, wakachukua, na hawakuona mahali imeandikwa ile sola waliyomaliza imerudi kuwa dhamana. Sasa simu ikishindwa kulipwa sola ndio inazima. Kama wewe ni mmoja wao, hautoki kwa mkataba wa sola, unatoka kwa ule mpya, kwa hivyo uliza mkataba sahihi.

Halafu piga hesabu, kabla hasira haijapanda. Tuseme dipositi ilikuwa 3,000 na unalipa bob 50, yaani shilingi 50, kwa siku kwa siku 420. Hio ni 21,000, weka dipositi inakuwa 24,000. Umelipa siku 260, yaani 13,000 na ile 3,000, jumla 16,000, umebakisha 8,000. Ukirudisha leo umeacha 16,000 mezani na unarudi kwa koroboi. Ukiwaambia wakupe bei ya kumaliza mara moja, saa zingine wanakata kidogo, na ukipata hata kwa chama ukamaliza, kitu ni chako, unaweza kuuza, unaweza kuhama nacho, unaweza kupea mamako. Maoni yangu ni kwamba ukishapita nusu na vitu vinafanya kazi, kurudisha ni kupea kampuni zawadi. Kurudisha ni kwa mtu ako mwanzo mwanzo, ama ambaye kitu chenyewe ni kibovu, ama amepoteza kazi kabisa na haoni mwezi ujao ukiwa tofauti. Na ile sababu ya "stima imefika kwetu" naielewa, lakini hio stima hupotea mvua ikianza, kwa hivyo fikiria mara mbili.

Sasa milango yenyewe.

Kama umesaini juzi, uko na bahati. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012, Consumer Protection Act, inasema mkataba uliofanyiwa ana kwa ana nje ya ofisi ya muuzaji, yaani yule ajenti alikukuta kwa mlango ama shambani, unaweza kuufuta bila kutoa sababu yoyote mpaka siku 10 ziishe tangu upewe nakala ya maandishi. Bila sababu, sikia hapo. Ajenti atakwambia haiwezekani ju yeye komisheni yake iko hapo ndani, usibishane naye, andikia kampuni moja kwa moja kwa imeli ama SMS ama WhatsApp yao rasmi, chochote chenye kinaacha tarehe. Na usianze kutumia kitu ukakipiga mawe halafu ukisema unafuta.

Kama kitu ni kibovu, usiseme "nataka kutoka", sema "nataka waranti". Betri inayoisha saa mbili usiku na uko na mkataba wa miaka miwili si shida yako ni shida yao. Ripoti kila mara, na kila mara wakupe nambari ya malalamiko, iandike na tarehe. Piga video ya boksi na saa ya ukutani ionekane, taa ikiwa imewaka saa moja na ikizima saa mbili na nusu. Ukishawaripotia mara kadhaa na hawajarekebisha, hapo sasa unaandika kwamba hawakutimiza upande wao na unataka mkataba ufungwe na urudishiwe pesa. Hapo uko na nguvu, lakini ukiwa ulikuwa unalalamika kwa jirani tu hauna kitu mkononi. Hivyo hivyo kama ajenti alikudanganya, kama alisema TV iko ndani ya hio bei na haiko, ama alisema ni pesa ya serikali. Udanganyifu wa muuzaji unaweza kuvunja mkataba, lakini andika mapema, usingoje mwaka upite.

Onyo kwa wale wanapenda fundi wa mtaa. Najua kuna kijana anafungua hizo boksi anaunganisha moja kwa moja, anaitisha mia tano. Ukifungua ile sili umewapatia kampuni sababu ya kukunyima waranti na kukudai bei yote, na hizo betri za lithiamu zikiunganishwa vibaya zinashika moto. Wacha.

Mlango wa tatu ni kurudisha. Kama mkataba wako umeandikwa kama hire purchase, yaani unatumia kitu ukikilipia polepole lakini kinabaki cha kampuni mpaka umalize, sheria ya Hire Purchase, ile Cap 507, inakuruhusu kumaliza kwa barua na kurudisha mali, ila malimbikizo ya mpaka siku hio unalipa. Sheria hio hio inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kukuja tu kuichukua bila kupitia kortini. Kwa ule mfano wangu wa juu, 16,000 kati ya 24,000 ndio theluthi mbili kamili. Mtu akikuja na pikipiki jioni akisema ametumwa kuchukua paneli, hio ndio swali la kwanza unamuuliza. Soma mkataba wako umeitwaje ju kampuni zingine huuandika kama mkopo ama kama kukodisha na mambo yanabadilika.

Vile unarudisha ni hivi. Kwanza tuma ujumbe, unaweza kunakili huu:

"Mimi ni (jina), kitambulisho nambari (…), akaunti ya sola (…). Nataka kufunga mkataba kuanzia leo tarehe (…). Nitarudisha vifaa vyote kwenye ofisi yenu ya (…). Naomba mniandikie: deni lililobaki ni ngapi, kama dipositi inarudishwa, na uthibitisho kwamba sitawekwa CRB baada ya kurudisha. Mnijibu kwa maandishi."

Ngoja jibu. Halafu kabla ya kushusha kitu chochote piga picha paneli ikiwa bado juu ya mabati, piga picha ile stika ya nambari nyuma yake na ile ya chini ya boksi, piga picha taa zikiwaka kama zinawaka. Panga kila kitu kwa meza: paneli, boksi, balbu zote, tochi, redio, rimoti, waya, chaja ya simu. Hizo vitu vidogo ndio hutumiwa kukukata pesa, rimoti moja ya TV imepotea na ghafla wewe ndio unadaiwa. Peleka mwenyewe kwa duka lao, usipatie mtu alikuja nyumbani hata kama ako na fulana ya kampuni na kadi shingoni. Wakikupokelea, dai fomu yenye orodha ya vitu, jina la aliyepokea, sahihi na stempu, na usitoke kwa kaunta kabla SMS ya kufungwa kwa akaunti iingie kwa simu yako. Wakisema itaingia kesho, sawa, kesho rudi. Pesa yoyote ya kumalizia tuma kwa Paybill peke yake, usitume kwa namba ya ajenti "ndio akusaidie haraka".

Sasa nikuje kwa ile kitu inaumiza watu zaidi, sola yenye uko nayo kwa jina lakini haiko kwako. Kila familia iko na hii. Shemeji ako CRB kwa hivyo hawezi pewa, anakuja kwako, "nisaidie tu kitambulisho, nitalipa mwenyewe". Namjua mama mmoja anauza mboga alitolea ndugu ya bwanake, yule akalipa mpaka Krismasi halafu akaenda Mombasa na paneli. Mama hajawahi hata kuona hizo taa zikiwaka, na yeye ndio anapigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kampuni hakuna shemeji, kuna kitambulisho. Kitu cha kufanya ni kuomba kuhamisha akaunti kwa jina la anayetumia. Kampuni zingine zinakubali, lazima mwenye kupokea aje na kitambulisho na line iliyosajiliwa kwa jina lake na wakubali deni ni lake. Kama yeye ako CRB hawatamkubali, hapo itisha kifaa kirudi ukirudishe, na kama amekataa kukitoa nenda naye kwa chifu ama wazee muandikishane kwamba deni ni lake, mwende na shahidi. Hio karatasi haikutoi kwa kampuni lakini inakusaidia kumdai yeye baadaye. Na ukiuza ama ukimwachia jirani kitu kabla hakijaisha kulipwa bila kubadilisha jina, umejiweka pale pale pa huyo mama.

Mzazi akifa akiwa na sola, watoto wasikubali kutishwa. Deni la marehemu linalipwa na mali aliyoacha, halirukii mtoto kwa sababu tu ni mtoto, labda awe alisaini kama mdhamini. Peleka nakala ya cheti cha kifo, uliza kama mkataba ulikuwa na bima ya mkopo, na muamue kama familia mnamaliza mkibadilisha jina ama mnarudisha. Usiendelee kutuma bob 50 kwa jina la marehemu miezi na miezi, hio inachanganya kila kitu.

Kampuni ikikataa kukujibu, peleka malalamiko kwa Competition Authority of Kenya, ofisi ya serikali ya ushindani na kulinda wateja, hawakulipishi kitu, na ndio maana nilisema uweke tarehe, nambari za malalamiko, picha na video. Kampuni ikianza kupigia watu walio kwa simu yako, mwalimu wako wa zamani, pasta, bosi, hio ni mambo ya Data Protection Act ya 2019 na kuna ofisi ya kamishna wa data ya kulalamikia. Na kama ni pesa yako unataka, Small Claims Court, korti ya madai madogo, inasikiza kesi mpaka shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka waamue ndani ya siku 60. Haziko kila mahali, uliza korti ya karibu kwanza kabla ya kupanda matatu.

Ukishafunga, usilale. Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure kutoka kwa kila CRB, na ziko tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ngoja mwezi mmoja hivi halafu angalia. Kampuni inafaa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuweka huko, kwa hivyo ukijikuta na hukupata chochote, ama ukikuta akaunti iliyofungwa inasoma deni, andikia CRB wenyewe kupinga, weka ile fomu yenye stempu na SMS ya kufungwa, na utume nakala kwa kampuni siku hio hio.