Jinsi ya kupima katuni ya zamani na ya sasa kabla mtoto hajaitazama

Kusema tu kwamba katuni za zamani zilikuwa bora hakumsaidii mzazi aliyesimama kwenye laibrari ya filamu, yaani duka linalokujazia filamu kwenye fleshi, huko Arua au Kampala nchini Uganda, fleshi mkononi, akiulizwa awekewe zipi. Pima mwenyewe. Chukua simu yenye saa ya sekunde, kaunta buku na kalamu. Nusu saa inatosha.

Kwanza chagua mbili zinazolenga umri mmoja. Hapo ndipo wengi huteleza. Tom and Jerry, iliyoanza 1940, ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, wakubwa na wadogo wakitazama pamoja. Ukiishindanisha na katuni ya nyimbo ya mtoto wa miaka 2, hujapima kitu.

Anza na kasi. Ruka wimbo wa ufunguzi, maana karibu kila katuni hukimbia hapo. Hesabu dakika moja, ukichora mstari kila picha inapokatwa na nyingine kuingia. Kamera ikisogea bila kukata, usiandike. Rudia katikati na karibu na mwisho, kisha tafuta wastani. Usichanganye mbio za wahusika na mikato: paka anaweza kumfukuza panya chumba kizima ndani ya picha ileile. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2011 uliona kwamba watoto wa miaka 4, baada ya dakika 9 za katuni ya kasi, walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kujidhibiti kuliko wenzao waliokuwa wakichora. Lakini watoto wenyewe walikuwa 60 tu, tena walipimwa papo hapo. Usimtishie mtu nao.

Kipimo cha pili ndicho kinachofichua mengi. Zima sauti kwa dakika 3, kisha mwombe mtoto akusimulie kilichotokea, kwa lugha anayoiweza. Halafu geuza: asikie bila kuona. Katuni fupi za zamani hupita jaribio la kwanza kwa urahisi, kwa kuwa maneno ni machache na matendo ndiyo yanayobeba kisa; anayezungumza Kilugbara au Kiganda nyumbani hapotezi chochote. Nyingi za sasa huegemea mazungumzo, na mara nyingi ni Kiingereza cha haraka. Si kasoro, mradi lugha iwe ya mtoto: Ubongo Kids, inayotoka Dar es Salaam tangu 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na hapo maneno ndiyo kazi yenyewe. Ya kuachwa ni ile inayofeli majaribio yote mawili, ikabaki rangi na kelele.

Za zamani nazo zina uchafu wake. Kuna baruti, kuna sigara, na ndani ya Tom and Jerry yumo Mammy Two Shoes, mtumishi mweusi aliyechorwa kwa dhihaka za ubaguzi za enzi ile. Nakala za mitaani haziji na onyo lolote. Na folda iliyoandikwa "katuni" huchanganya hata zile za watu wazima, hivyo fungua kila faili mwanzo, katikati na mwisho.

Bado mwisho wa katuni. Ile fupi ya zamani huisha ndani ya dakika 7 hivi. Mtandaoni siku hizi vipande huungwa hadi saa nzima, kisha kingine kinajianzisha. Kwenye YouTube, zima kitufe cha kucheza mfululizo kilicho juu ya video. Usipokizima, bando nalo litakwisha. Fleshi pia ina mtego huo, kwani televisheni nyingi huendelea na faili inayofuata ndani ya folda. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2019, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku. Kwa hiyo tengeneza folda ya kila siku yenye katuni tatu au nne fupi, na uzime hali ya kurudia kwenye menyu ya televisheni, la sivyo folda itaanza upya yenyewe.