Namna ya Kuulinda Usingizi Wakati Msuli Uliojeruhiwa Unapopona

Mchumaji karafuu wa Pemba aliyechanika msuli wa paja kwa kuteleza mtini huhimizwa apumzike na apake dawa, lakini ni nadra kuulizwa amelala saa ngapi, na mimi naamini swali hilo lina uzito sawa na dawa yenyewe. Sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji, ambayo husaidia kutengeneza upya tishu zilizoharibika, hutolewa katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kwamba vijana waliokesha usiku mmoja tu, ujenzi wa protini katika misuli yao ulipungua kwa asilimia 18, huku kotisoli, homoni inayochochea kuvunjwa kwa protini, ikiongezeka kwa asilimia 21. Hao walikuwa wazima wa afya. Majeruhi, ambaye msuli wake tayari unasinyaa kwa kutotumika, ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kwa anayeamka saa kumi na moja kwa Sala ya Alfajiri, kulala saa tatu na nusu usiku kunatosha, na baraza ya baada ya Isha ifupishwe mpaka apone. Kahawa ndiyo kikwazo kikubwa kwetu, kwani nusu ya kafeini ya kikombe kilichonywewa saa mbili usiku huweza kuwa bado imo mwilini saa saba usiku. Kikombe cha mwisho kiwe cha kabla ya Adhuhuri.

Maumivu hukata usingizi, na kukosa usingizi nako huyazidisha maumivu. Mguu uinuliwe juu ya mto, na daktari aulizwe kama dawa ya maumivu inaweza kumezwa karibu na wakati wa kulala. Katika joto la kaskazi, kuoga kabla ya kulala husaidia. Mvuvi wa dagaa amwombe nahodha kazi za mchana pwani. Mwezi wa Ramadhani, usiku unapokatwa na daku, usingizi wa mchana ufidie, na daku iwe na samaki, mayai au kunde.

Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au mguu ukifa ganzi, majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.