Somo: Kufunga gata la mita 42 lisilo na kiungo cha kuvuja

Assalamu alaikum. Masika yanakaribia na simu zimeshaanza: "Fundi, gata linavuja kwenye maungio." Gata ndio ule mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa. Ukiunga vipande vya mita 4 kwenye banda la skuli la mita 42, umejipatia viungo 10, na kila kiungo ni tone linalosubiri siku yake. Ndiyo maana kwa majengo marefu mimi natumia gata linalokunjwa pale pale kwenye jengo. Roli la bati la alumini linaingia upande mmoja wa mashine, upande wa pili linatoka gata kwa urefu unaoutaka.

Lakini kuna jambo lazima nilitangulize, kwa sababu niliwahi kulilipia mwenyewe. Banda la kwanza refu nililofunga hapa Pemba, gata nililitoa kipande kimoja na kulikaza skrubu mwanzo hadi mwisho, ncha zote mbili zimegusa ukuta. Asubuhi limenyooka kama uzi. Saa nane mchana, jua la kaskazi, nikasikia ta! ta! juu ya kichwa. Gata limejipinda nje kama upinde na skrubu nne zimechomoka na nyuzi za mbao. Alumini hurefuka kwa joto: kwa mita 42, kila nyuzijoto moja inaongeza karibu milimita moja. Bati lenye nyuzi 25 asubuhi likifika 60 juani, gata linadai nafasi ya sentimita 3 na nusu. Usipolipa kwa hiari litaichukua kwa nguvu.

Basi twende hatua kwa hatua, kwa banda hilo hilo la mita 42.

Hatua ya kwanza: pima paa kabla ya gata. Upande mmoja wa paa, ukiupima kwa kivuli chake chini na si kwa mlalo wa bati, ni mita 42 kwa 6, yaani mita za mraba 252. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua kubwa ya milimita 100 kwa saa itakuletea lita 7 kila sekunde. Kwa maji hayo gata la inchi 5 ni dogo. Chukua inchi 6, na mabomba mawili ya inchi 4, moja kila mwisho. Bomba la inchi 3 litazidiwa na maji yatapanda juu ya mdomo wa gata.

Hatua ya pili: kagua fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata. Ichome kwa bisibisi kila hatua moja. Ikizama, mbao imeoza, badilisha. Usimhurumie mwenye nyumba hapa.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi: mteremko. Usiamini macho, na usiamini mstari wa bati la paa, kwa sababu kenchi za majengo ya zamani zimelala. Tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, na kabla ya kupima utazame wote kwa utulivu: povu moja dogo lililojificha kwenye mkunjo linakudanganya sentimita nzima. Weka alama ya kilele katikati ya banda, mita 21 kutoka kila mwisho. Kutoka hapo shuka milimita 2 kwa kila mita, mpaka mwisho utakuwa umeshuka milimita 42. Vuta uzi, upige chaki. Hakikisha ncha ya bati la paa inaingia ndani ya gata kama sentimita 5, na mdomo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko mgongo wake. Siku gata likijaa, maji yamwagike nje, yasirudi kwenye dari.

Hatua ya nne: breketi kila sentimita 60. Tumia zile ambazo gata linakaa ndani yake, ili liweze kuteleza. Skrubu ziwe za stenlesi. Skrubu ya kawaida ikikaa na alumini kwenye hewa ya chumvi, kinachoanza kuliwa ni alumini pembeni ya tundu, na hutaona mpaka gata lilegee.

Hatua ya tano: toa gata. Hapa tunatoa vipande viwili vya mita 21, si kimoja cha 42. Najua mtasema nimeahidi gata lisilo na kiungo. Subirini kidogo. Kipande cha mita 21 cha bati la milimita 0.8 kina uzito wa kilo 17 hivi, mtu mmoja angeweza kukibeba begani, lakini atakivunja mgongo. Panga watu sita, mmoja kila mita 4, wanyanyue kwa sauti moja. Upepo wa kusi ukivuma acheni, subirini utulie. Gata refu ni tanga.

Hatua ya sita: kufunga. Kila kipande kikaze kwa riveti kwenye breketi mbili tu, zile zilizo karibu na bomba. Kwengine kote kiache kiteleze. Pale juu kileleni ziba ncha za vipande vyote viwili, kisha ziache zitazamane kwa pengo la sentimita 5. Funika pengo kwa kipande cha bati kilichokazwa upande mmoja tu. Kwa sababu pale ni kileleni, maji yanakimbia kuliacha pengo, hayapiti juu yake. Hivyo njia ya maji haina kiungo hata kimoja, na gata limepata pa kupumulia.

Vifuniko vya ncha na mdomo wa bomba ndizo sehemu pekee zinazohitaji silikoni. Futa kwa spiriti, acha pakauke, piga riveti, kisha paka kwa ndani. Silikoni inayonuka siki iacheni dukani, ile asidi yake inakula bati.

Hatua ya saba: mimina ndoo mbili kileleni, utazame chini kwenye bomba. Yakibaki madimbwi, rekebisha breketi leo, si baada ya mvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Micheweni: Shikamoo fundi. Madrasa yetu ina mita 18. Na sisi tukate katikati?

Marahaba mwalimu. Hapana. Toa kipande kimoja, mteremko upande mmoja, jumla milimita 36. Kaza karibu na bomba, na ncha ya pili iache mbali na ukuta kwa sentimita 3.

Fundi mwenzako, Wete: Bati la zinki ni rahisi zaidi. Kwa nini tusikunje hilo?

Kaka, linakunjika vizuri tu. Tatizo ni pale unapolikata: ukingo unabaki chuma kitupu, na sisi tumezungukwa na bahari. Na wewe mwenye alumini, angalia maji ya bomba la shaba la kiyoyozi yasidondokee kwenye gata. Shaba inatoboa alumini.

Mwenye nyumba, Jambiani: Paa langu la makuti. Nifunge gata?

Usifunge dada. Makuti yanamwaga vipande kila upepo ukipita, gata litaziba mwezi huo huo. Chimba mtaro chini ya ukingo wa paa, ujaze kokoto, uuelekeze mbali na msingi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe: Ukuta wangu ni wa mawe na chokaa. Naweza kukaza breketi ukutani?

Kwanza pata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, usiguse kitu kabla. Pili, chokaa mbichi inakula alumini, kwa hiyo weka ubao uliopakwa rangi kati ya gata na ukuta, na ukipiga lipu funika gata kwa plastiki. Ukuta wa chokaa ukinywa maji ya mlizamu uliopasuka miaka miwili, unashuka kama unga.

Mama wa Mkoani: Bomba langu linamwaga uwanjani tunapoanika karafuu. Na maji yake tunaweza kunywa?

Bi mkubwa, ligeuze bomba liingie kwenye tangi. Mvua ya milimita 20 tu kwenye upande mmoja wa paa kama la banda letu inajaza tangi la lita 5,000. Lakini weka bomba la pembeni la kumwaga maji ya mwanzo, kwa sababu kunguru wamelala juu ya bati miezi yote ya jua. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mdogo mbu wasiingie, na ya kunywa yachemsheni.