Mlishe nyenje kwanza, kinyonga baadaye

Nyenje aliyekaa siku mbili koponi bila chakula ni ganda tupu lenye maji. Kinyonga atamdaka, atamtafuna, nawe utaridhika kwamba kashiba. Lakini mwilini mwa nyenje fosforasi huizidi kalsiamu mara kadhaa, na mla wadudu anataka kalsiamu isipungue kiwango cha fosforasi, ikiwezekana ikaribie mara mbili yake. Ikikosekana, mwili huichota mifupani: taya linalegea, miguu inapinda, mnyama anashindwa kushika tawi.

Hatua ya 1. Ili nyenje wajae kalsiamu kabla ya kuliwa, wahamishie kwenye chombo chenye hewa, weka trei za mayai za karatasi wajifiche. Wawe kwenye joto. Nyenje aliyepoa hali chakula.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi ilipo. Changanya gramu 80 za unga wa nafaka na gramu 20 za kalsiamu kaboneti. Kwa kuwa asilimia 40 ya kaboneti hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe, unapata chakula chenye kalsiamu ya asilimia 8 hivi. Saga hadi ulainike kabisa. Ukiacha chenga, nyenje wanachagua nafaka na kukuachia unga mweupe chini. Wape kwa saa 48, na maji kwenye pamba iliyoloweshwa, si bakulini, maana wanazama. Karoti na mboga wape kabla ya hapo. Zikiwa pembeni watazikimbilia hizo.

Hatua ya 3. Watie kwenye mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu, utikise taratibu, wape mnyama papo hapo. Nyenje hujipangusa kama paka, na baada ya saa chache unga umekwisha. Toa wanaolika mara moja tu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Mchicha unafaa kuwalisha?*
Usiutegemee. Una oksalati, nayo huishika kalsiamu isifyonzwe.

*Nyenje wangu wanakufa siku ya nne au ya tano. Nakosea wapi?*
Umewaacha kwenye chakula cha hatua ya 2. Hicho ni cha kujazia tumbo, si cha kufugia. Akiba yako ipe chakula cha kawaida, utenge tu wale wa kulishwa keshokutwa.

*Je, nichanganye vitamini D3 kila siku ili kalsiamu ifyonzwe vizuri?*
Hapana, ndugu yangu. Hujilimbikiza mwilini, na ikizidi kalsiamu huganda kwenye figo na mishipa. Kinyonga huitengeneza mwenyewe akipata jua au taa ya UVB, yaani ya mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua. Kumbuka kioo cha dirisha huzuia mionzi hiyo.

*Mimi natumia mabuu ya inzi askari mweusi. Nao niwapake unga?*
Kwa kawaida hawahitaji, wana kalsiamu nyingi wenyewe. Ila chungulia kinyesi: ngozi yao ni ngumu, na wengine hutoka wazima walivyoingia.