Kula na Kuishi na Maradhi ya Uvimbe wa Utumbo: Mwongozo kwa Jiko la Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari amekwisha kumwambia kwamba ana ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, na ni wa yule anayempikia pia. Yote mawili ni maradhi ya kudumu: kinga ya mwili huugeukia utumbo, ukavimba na kutoka vidonda. Kolaitisi hukaa katika utumbo mpana na puru. Crohn huweza kukamata popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na mara nyingi hupenda mwisho wa utumbo mwembamba. Kuna siku maradhi huamka na kuna miezi hulala. Hakuna chakula kimoja kitakachoyaondoa. Uvimbe huzimwa kwa dawa. Kazi ya chakula ni kupunguza safari za chooni, kurudisha maji na damu inayopotea, na zaidi ya yote kuuzuia mwili usikonde. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mgonjwa anaogopa kila kitu, anabaki na chai na kipande cha boflo, na baada ya miezi mitatu njaa imemdhuru kuliko pilipili yoyote.

Hatua ya 1: Hakikisha unachotibu

Visiwani kwetu kuharisha kwa muda mrefu kuna sababu nyingi, zikiwemo amiba, minyoo na kifua kikuu cha utumbo. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn hata utumbo ukitazamwa kwa kamera. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu prednisoloni na azathioprini, dawa za kuzima uvimbe huu, hushusha kinga, na kifua kikuu kilichojificha huweza kuripuka. Vivyo hivyo kwa mnyoo aitwaye strongiloidi, anayeingia mwilini kupitia ngozi ya mtu anayetembea peku: mgonjwa akianza prednisoloni naye mnyoo yumo, huweza kuzaana na kuenea mwili mzima, na hiyo ni hatari ya kifo. Kabla ya kuanza dawa hizo muulize daktari maswali mawili: nimepimwa kifua kikuu? Nimepimwa strongiloidi? Kipimo cha choo cha mara moja huweza kumkosa, hivyo usione tabu kupeleka choo tena ukiambiwa.

Kama unameza dawa kwa kukisia na hujawahi kupimwa kwa kamera, omba rufaa. Kwa Unguja ni Mnazi Mmoja. Kwa Pemba anzia Abdulla Mzee, Mkoani, au hospitali iliyo karibu nawe.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Chukua daftari la skuli, piga mistari ya safu tano: saa, ulichokula na kiasi chake, choo (mara ngapi, kigumu au maji, kina damu au hakina), maumivu kutoka 0 hadi 10, dawa ulizomeza. Andika kwa wiki mbili bila kuruka siku. Uzito pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa mzani ule ule.

Usiandike "wali na mchuzi" ukaishia hapo. Andika kama mchuzi ulikuwa wa tui zito au jepesi, pilipili ilikuwemo au haikuwemo, samaki alikaangwa au alichemshwa. Bila ya hayo daftari halitakwambia kitu.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kukilaumu chakula cha mwisho. Unakula samaki, baada ya robo saa unakimbilia chooni, unasema samaki hanifai. Samaki huyo bado yumo tumboni juu. Tumbo likipokea chakula huuamsha utumbo mpana usukume kilichokuwemo tangu jana au juzi. Kwa hiyo usikipige marufuku chakula mpaka kimekufanyia jambo lile lile mara tatu, katika siku ambazo maradhi yamelala.

Hatua ya 3: Maradhi yakiamka, lainisha

Siku za damu, maumivu na choo cha mara kwa mara, utumbo hautaki nyuzinyuzi ngumu, maganda, mbegu, mafuta mengi wala ukali. Weka kando urojo (ukwaju, pilipili na bajia vimo pamoja), maharage, kunde, mbaazi, mahindi ya kuchoma, kisamvu, fenesi, nyama za chungwa, nazi iliyokunwa, karanga, sambusa na kila cha kukaanga kwenye mafuta mengi. Soda, juisi ya miwa na sharubati zenye sukari nyingi nazo ziache, maana sukari nyingi huvuta maji ndani ya utumbo na kuharisha kukazidi.

Vinavyobaki si vichache: wali mweupe, mashendea, mbatata zilizomenywa na kupondwa, muhogo laini uliotolewa mzizi wa katikati, shelisheli la kuchemsha, boflo, tambi, boga lililomenywa, karoti iliyoiva sana, ndizi mbivu, papai bivu, mayai, kuku asiye na ngozi, changu, kolekole au nguru wa kuchemsha. Tui halijaharamishwa. Acha la kwanza, tumia la pili ambalo ni jepesi, lichuje vizuri chicha isipite. Mwenye Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba, au aliyekatwa sehemu hiyo, ndiye wa kuwa mwangalifu zaidi na mafuta. Akiona choo kinaelea na kinang'ara mafuta, apunguze tui na amwambie daktari.

Sasa hesabu ya protini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokonda. Maradhi yakiamka, mtu mzima anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Samaki aliyepikwa wa gramu 100, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, ana gramu 20 hadi 25. Yai moja lina 6. Kikombe cha mtindi kina kama 8. Hivyo mayai mawili asubuhi, samaki mchana na usiku, na vikombe viwili vya mtindi vinakufikisha kwenye kama gramu 73. Uji mtupu kutwa nzima hautakufikisha hata nusu. Tumbo likigoma sahani kubwa, kula kidogo kidogo mara tano au sita.

Maziwa ya maji huwasumbua watu wazima wengi wa kwetu, wagonjwa na wazima, kwa sababu ya sukari ya maziwa. Yaache wiki mbili uone. Mtindi kwa kawaida huvumilika zaidi, nao una chokaa ya mifupa (kalsiamu), ambayo mtumiaji wa prednisoloni anaihitaji mno.

Mashendea ya kuku, kwa sahani mbili kubwa: mchele nusu kikombe, kidari cha kuku gramu 150, karoti moja, kipande kidogo cha tangawizi, chumvi nusu kijiko cha chai, maji vikombe vitano. Chemsha kuku na tangawizi iliyopondwa kwa dakika 25. Mtoe kuku, mchambue nyuzi nyembamba, tangawizi itupe. Tia mchele uliooshwa ndani ya supu ile ile, moto mdogo, dakika 40, ukikoroga chini usigande. Ikifika nusu ya muda tia karoti iliyokunwa. Mrudishe kuku, chemsha dakika tano. Mchele ukikaa punje punje bado haujawa. Ongeza kikombe cha maji ya moto uendelee. Vitunguu na thomu huwatia wengi gesi, visubiri mpaka tumbo litulie.

Maji na chumvi. Ukiharisha sana, maji matupu hayatoshi. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja iende kwenye lita moja kamili. Chupa nyingi za dukani ni za lita moja na nusu, na wengi huimimina pakiti humo ikawa dhaifu; wengine huitia kwenye nusu lita ikawa kali, ikazidi kuharisha. Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Kunywa kikombe kimoja baada ya kila choo cha maji, na ikipita siku moja mwaga ufanye nyengine. Dafu ni zuri lakini halichukui nafasi ya ORS: lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi.

Hatua ya 4: Yakilala, rudisha vyakula

Hapa watu hukwama. Tumbo limetulia, lakini mgonjwa hataki kuondoka kwenye mashendea. Rudisha chakula kimoja kila baada ya siku tatu: siku ya kwanza vijiko vitatu, ya pili nusu ya kiasi cha kawaida, ya tatu kiasi kamili. Anza na mchicha uliopikwa sana, bamia, tungule zilizomenywa ganda na kutolewa mbegu. Kisha choroko: roweka usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka zivurugike, pitisha kwenye chujio. Maembe chagua yasiyo na nyuzi. Pilipili iwe ya mwisho.

Anayetengwa na ruhusa hii ni yule aliyeambiwa ana utumbo uliobana. Kwake nyuzi na maganda huziba njia hata maradhi yakiwa yamelala. Fenesi, nyama za chungwa, bisi, nazi ya kukuna na pweza asiyetafunwa vizuri asivile, na dagaa awatwange.

Hatua ya 5: Dawa, na vile vinavyoharibu

Usiache dawa kwa sababu umepona. Umetulia kwa sababu unameza. Prednisoloni hasa haiachwi ghafla. Tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinakuwa zimelala, na mtu huweza kuzimia. Daktari huishusha kidogo kidogo. Sulfasalazini meza baada ya kula; mkojo kuwa wa rangi ya chungwa si tatizo, lakini hupunguza foliki mwilini, hivyo uliza vidonge vya foliki asidi. Aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba apimwe vitamini B12. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno, na chai ya rangi pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie; inywe saa moja baadaye.

Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuyaamsha maradhi. Kwa kichwa au mgongo tumia parasetamoli, na duka la dawa waambie mapema. Sanamaki na mafuta ya mbarika ya "kusafisha tumbo" yaepuke kabisa. Dawa za kufunga choo kama loperamidi usizimeze wakati kuna damu na homa, utumbo mpana huweza kujaa na kupasuka. Na sigara: kwa mwenye Crohn, kuiacha kunasaidia kuliko mabadiliko mengi ya chakula.

Hatua ya 6: Ramadhani

Muone daktari mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuandama mwezi. Maradhi yakiwa yamelala na dawa zako zinaweza kugawanywa kati ya futari na daku, wengi hufunga salama. Mwenye damu, mwenye kuharisha sana, au mwenye mfuko wa nje unaopokea choo kutoka utumbo mwembamba asifunge. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Kulipa au kutoa fidia muulize sheikh wako.

Anayefunga afuturu kwa tende moja au mbili na maji, kisha uji wa mchele, apumzike, ale chakula chenyewe baada ya Magharibi. Lita mbili za vinywaji zigawanye hadi daku. Daku iwe na protini, na isirukwe.

Hatua ya 7: Safari, kazi na swala

Utumbo hupenda saa zisizobadilika, kwa hiyo amka, kula na lala kwa wakati mmoja. Ukivuka kwa boti baina ya Unguja na Pemba, kula chepesi muda wa masaa matatu kabla, kaa karibu na choo, na beba pakiti mbili za ORS, nguo ya ndani, mfuko wa plastiki na dawa za siku tatu zaidi, kwani boti huahirishwa bahari ikichafuka. Maji ya kunywa yachemshe. Kipindupindu au homa ya matumbo juu ya utumbo uliovimba ni mzigo mzito.

Asiyeweza kuuzuia mwili wake ana udhuru: hujisitiri, hutia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, akaswali. Asiache msikiti kwa aibu bila ya kuuliza.

Hatua ya 8: Siku ya kwenda hospitali

Nenda siku hiyo hiyo ukipata choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku pamoja na homa inayopita 37.8 au mapigo ya moyo yanayopita 90 kwa dakika ukiwa umekaa; tumbo likijaa, ukitapika na hata upepo hautoki; au kukiwa na jipu au usaha karibu na njia ya haja kubwa. Kupungua kilo tatu kwa mwezi kwa mtu wa kilo 60 hakusubiri miadi ya mbali. Na kwa kolaitisi iliyokamata sehemu kubwa ya utumbo mpana, ikitimia miaka 8 tangu dalili zianze, uliza kuhusu kamera ya kutazama saratani, hata kama huumwi.

Chukua daftari na dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba. Kama unameza prednisoloni, liseme hilo kwanza kwa daktari wa zamu, kabla ya kueleza tumbo.